Njia ya Mhunzi

Kabla ya zoezi la anwani, njia yetu hapa Mazwi haikuwa na jina, na hakuna aliyepotea. Mgeni alielekezwa hivi: "Shuka penye nguzo ya umeme iliyoinama, fuata harufu ya maandazi, ukibwekewa na mbwa umefika." Mbwa yule alipokufa tulisema "pale alipokuwa mbwa", na watu waliendelea kufika.

Kisha ikatakiwa kila njia iwe na jina na kila nyumba iwe na namba. Utaratibu si mgumu. Wakazi wanapendekeza, mkutano wa mtaa unapitisha, halafu kibao kinasimikwa. Ugumu ni kwamba jina likishapakwa kwenye bati, watoto wataamini ndivyo ilivyokuwa tangu dunia iumbwe.

Jirani yetu mmoja, muuza saruji aliyetoka Mbeya, alikuwa amemwaga malori mawili ya changarawe ya moramu masika yale njia ilipogeuka uji. Nisimpunje, ilikuwa fadhila ya kweli. Lakini aliposikia habari za vibao, akaanza kusema "njia yangu" kama mtu anayezungumzia suruali.

Ng'ambo ya ua wangu anaishi bibi mmoja ambaye baba yake alikuwa mhunzi. Kiwanda chake cha kufulia majembe kilikuwa papo hapo njiani, na hadi leo ukichimba bustani unakutana na mavi ya chuma, masalia ya uhunzi wake, mabonge meusi mazito kuliko yanavyoonekana. Nusu ya matuta ya mashamba ya Pito, kule tunakolima, yale tunayofukia majani ndani ili yaoze yawe mbolea, yaliinuliwa kwa majembe ya mzee yule. Bibi hakuwa na picha yake hata moja. Kaburi lake lilikuwa limezama majanini. Kilichobaki kilikuwa ni njia.

"Shikamoo, bibi," nilimsalimu asubuhi moja kulipokuwa na baridi kali.

"Marahaba. Mjukuu wangu, si wewe unayeandika matangazo ya jumuiya?"

Nikakubali. Jumuiya yetu ndogo husali kila wiki kwenye nyumba tofauti, nami kama katibu huandika karatasi ya kusomwa kanisani Jumapili, ili kila mtu ajue aende wapi.

"Basi andika tunasali Njia ya Mhunzi."

"Bibi, hakuna njia yenye jina hilo."

"Kwani nimekuuliza kama ipo? Nimesema andika."

Nikauliza kama isingefaa tuandike jina kamili la marehemu baba yake. Akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi mzito wa kuelewa, lakini anayependwa.

"Jina lake halikumlimia mtu. Majembe yake ndiyo yaliyolima."

Nikaandika. Katekista akasoma bila kupepesa macho, na waumini wakafika bila kuuliza, maana bibi alikuwa amekwisha kusimama njiapanda akiwapungia kanga. Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya nyumba nyingine ya njia ile ile, nikaandika tena. Watu wana tabia moja nzuri: kitu wakikisikia kanisani mara tatu, wanaona kuwa wamekijua tangu utotoni.

Kwa vijana wa bodaboda alitumia dawa nyingine.

"Bibi, twende Mazwi?"

"Mazwi ni kubwa. Utanishusha wapi, hewani?"

"Sasa niseme wapi, bibi yangu?"

"Sema Njia ya Mhunzi, ndipo nipande."

Walisema. Mteja wa asubuhi habishiwi.

Siku ya mkutano bibi alikaa mstari wa mbele, mikono ndani ya kitenge. Muuza saruji alisimama akaeleza habari za moramu, lori kwa lori. Alieleza vizuri, na niliona vichwa vikianza kuitikia. Bibi aliinamisha uso. Kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka, nikaogopa kwamba mchezo wetu umeishia hapo.

Ndipo simu ya muuza saruji ikaita. Dereva wake alikuwa amekwama mjini na shehena.

"Umepotea tena?" alifoka mbele ya mkutano mzima. "Si nimekwambia Njia ya Mhunzi? Njia ya Mhunzi! Uliza bodaboda yeyote, hata mtoto anapajua!"

Mkutano ulilipuka kwa kicheko. Yeye mwenyewe alisimama na simu mkononi, akatutazama, akamtazama bibi, kisha naye akacheka hadi akaketi.

"Mwenyekiti," alisema akifuta macho, "mimi nimeshapiga kura."

Bibi akageuka. "Mwanangu, moramu yako tunaikanyaga kila siku. Hatujaisahau." Akasema hivyo kwa upole, na nadhani alimaanisha.

Kibao kiliposimikwa nilimsindikiza kwenda kukiona. Nilijiandaa kwa machozi, hata leso nilikuwa nayo. Alisoma herufi moja moja, midomo ikicheza. Halafu akakunja kidole na kukigonga kile kibao mara mbili, akitega sikio kama alivyofundishwa kiwandani na baba yake, akisikiliza chuma kinavyojibu.

"Bati jepesi hili," alisema. "Baba asingelitoa nje ya kiwanda."

Akaligonga tena, akitabasamu, kisha akaniagiza nikaandike tangazo la Jumapili.