Mashini Isiyongojea Kamba

Mdogo wangu alipigwa mpini wa chepe kifuani kule Salamabila, kisa shimo la dhahabu. Mbavu zilivunjika kwa mlio ambao naapa hata Kabambare waliusikia. Mwenzake wa shimoni akamfunga mgongoni kwa kitenge, akamleta Kasongo kwa pikipiki. Safari ile ingeua tembo wawili.

Hospitalini walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakampitisha mpira kooni, wakamuunganisha na mashini ya kupumulia, ya pekee katika Kongo nzima ukinisikiliza mimi. Muuguzi alinieleza kuwa ina njia mbili. Kwa njia ya kwanza inaamua yenyewe: hewa kiasi hiki, mara hizi kwa dakika, mgonjwa apende asipende. Kwa ya pili inangoja mgonjwa aanze kuvuta, ndipo inamsukumia. Niliitikia kwa kichwa kama profesa. Cheti cha shule ya jioni si ninacho?

Walimwekea ya kwanza. Asubuhi ya tatu dawa ikapungua nguvu, akafumbua macho, akaanza kupigana. Akitaka kutoa pumzi, mashini inaingiza. Kitanda kiliruka, kengele ikalia, midomo ikawa rangi ya majivu. Kwetu mgonjwa akirukaruka, wanaume wa ukoo humkalia. Nikamkalia miguu. Mjomba wetu, aliyekuja kumtazama, akamgandamiza kifua kilekile kilichovunjika, mpaka mate ya damu yakachuruzika kando ya mpira.

Yule mwenzake wa shimoni aliniangusha kwa ngumi moja. Jino langu lilibaki sakafuni.

"Achaka, yaya," akasema, akiniita kama kaka yake mkubwa. "Angalia mukono wake."

Mkono ulikuwa unavuta shuka. Unatulia. Unavuta tena. Shimoni hewa hupelekwa kwa pampu na mpira mrefu. Aliye chini akivuta kamba, wa juu anapampu.

"Iko anaomba upepo," alimwambia muuguzi. "Mashini yenu iko inapampu bila kungoja kamba. Mutu akinifanyia vile shimoni, nikitoka namupasua kichwa."

Muuguzi alitazama mkono, akatazama kioo cha mashini.

"Mjomba, toka juu ya kifua," akasema, akabadilisha njia.

Shuka likavutwa, mashini ikasukuma. Likavutwa tena, ikasukuma. Kengele ikanyamaza.

Wiki iliyofuata mpira ulitolewa. Mdogo wangu alipumua mwenyewe, akalitazama pengo langu, akauliza kwa sauti ya chura:

"Yaya, nani alinikalia?"

Nikamwonyesha mjomba.