Aliyekuja Amefunika Uso

Mwaka ule niliothubutu kuweka boga lililochongwa uso kwa ajili ya Halowini, usiku wa kuwakumbuka wafu, juu ya nguzo ya lango langu, Attracta Gilhooly alivuka barabara na viatu vyake vya mpira, akalipiga teke moja likaishia mtaroni. Kisha akaja kubisha mlango wangu ili anieleze sababu.

"Boga ni la Wamarekani," alisema. "Hapa Halowini tunachonga tanipu. Au huko kwenu Cavan hata tanipu mnaogopa kuikata, mnaona itaisha?"

"Lile boga ni langu, Attracta. Na nguzo ni yangu."

"Na macho yangu, yanayolazimika kulitazama. Kesho nitakuletea tanipu. Wala usiniambie asante."

Sikumwambia. Nilimchukia tangu wiki niliyoolewa na Fintan nikahamia Drumkeelan, na nina hakika yeye alinitangulia kunichukia. Cavan ni kaunti ya jirani tu, mtu mwenye baiskeli nzuri anafika kabla ya chakula cha mchana, lakini kwa Attracta mimi nilikuwa mgeni na mgeni nitabaki. Hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni "wewe wa Cavan", na mzaha wake ni ule ule wa Ireland nzima, kwamba watu wa kwetu ni mabahili hata wa salamu.

Tanipu aliileta, mzizi mnene wa kupikwa, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Nikaichonga nikimlaani, maana asiyewahi kuchonga tanipu hajui adha yake. Ngumu kama jiwe, kijiko kinapinda, kisu kinateleza kinakutafuta kidole. Lakini nilipoweka mshumaa ndani na kifuniko kikaanza kuungua, ile harufu ikanijia, tamu na chungu pamoja, nikamwona baba yangu jikoni kwetu akinishikia kisu. Boga halina harufu hiyo. Mwanamke yule alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku nyingine zote za mwaka Attracta aligombana. Aligombana na padri kuhusu urefu wa mahubiri, na mleta barua kuhusu lango, na ng'ombe wa watu waliothubutu kumtazama. Lakini jioni ya Halowini mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, kwa sababu mlango wa mama yake ulikuwa wazi, na wa bibi yake kabla yake. Tulikwenda sote. Alipika viazi vya kuponda na sukuma wiki, na shimo la siagi katikati. Alitundika tufaha kwa uzi kwenye boriti, wanaume wazima wakaling'ata mikono nyuma, wakagongana vichwa. Alioka mkate wa zabibu, na ndani yake akaficha vitu: ukipata kitambaa utakufa maskini, ukipata kijiti ndoa yako itakuwa ya fimbo, ukipata pete utaolewa kabla ya Halowini nyingine. Na karibu na moto wa mboji, udongo mkavu tunaochoma badala ya kuni, kulikuwa na kiti kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Hicho ni cha wafu wa nyumba. Attracta aliwamiminia chai yao, akawakatia kipande chao, na hakuna aliyekigusa mpaka asubuhi.

Halafu waliingia wenye vinyago. Kwetu mwenye kinyago hasemi neno. Amevaa koti la jirani au sketi ya mkewe, uso ameufunika, anasimama katikati ya jiko, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kumtaja. Ana nafasi tatu. Akitajwa, lazima afunue uso. Asipotajwa, anakaa, anakula, anaondoka kama alivyokuja. Attracta hakuwa na mpinzani katika mchezo huo. Alikutambua kwa unavyofuta viatu mlangoni.

Isipokuwa mtu mmoja.

Kisa chenyewe ni cha kipande cha mkate. Attracta alikuwa msichana, na aliyekuwa akimsindikiza kutoka kanisani ni Malachy Shanley, kijana wa ng'ambo ya daraja. Halowini ile Malachy alialikwa. Attracta ndiye aliyeoka mkate, na pale pete ilipokuwa alichoma ganda kwa uma, vitundu vidogo vinne, ili ajue kipande chake. Sahani ilipowekwa mezani, mama yake, aliyekuwa hajui lolote au alijua kila kitu, akaigeuza. Dympna, mdogo wake Attracta, akang'ata pete. Jiko zima likacheka, na Malachy akacheka kuliko wote. Kabla ya Halowini nyingine alikuwa amemwoa Dympna.

Mimi nilimjua Malachy uzeeni, akikoroma misani. Kumgombania mtu yule ni kugombania mwavuli uliotoboka. Lakini asubuhi ya harusi Attracta alisimama mlangoni akamwambia mdogo wake, mbele ya mama yao na wapambe, "Sitaki kuuona uso wako ndani ya nyumba hii mpaka nife." Na Attracta akishasema, amesema. Dympna alihamia ng'ambo ya daraja, moshi wa jiko lake unaonekana kutoka dirisha la dada yake, na wale wawili walipishana kanisani kama paka juu ya ukuta.

Mama yao akafariki. Halowini iliyofuata, nami nilikuwepo, akaingia mwenye kinyago mmoja amevaa koti la kijivu la kiume na kofia, na chini ya kofia amejifunga kitambaa cha pazia mpaka kidevuni. Mguu wa kushoto ulikuwa ukiburuzika kidogo. Hakuna mtu jikoni mle ambaye hakuujua mguu ule.

Attracta alimtazama kutoka kofia mpaka viatu.

"Ni askofu," akasema.

Kitambaa kikatikisika: siyo.

"Ni askari wa Carrick."

Siyo.

"Basi ni farasi wa Tommy."

Watu wakaangua kicheko, Tommy mwenyewe akagonga meza. "Nimeshindwa," akasema Attracta. "Kaa, ule. Na ufute viatu, nimedeki." Dympna akakaa kwenye benchi karibu na kiti cha wafu, pale mama yao alipokuwa akikaa, akala kipande chake chini ya kitambaa, akaondoka bila neno.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Kiapo hakikuvunjwa, kwa kuwa uso haukuonekana. Askofu, askari, farasi. Tommy alikufa, na farasi wake alikuwa amemtangulia, na bado Attracta alimtaja. Nasi majirani tulifunga midomo. Wengine waliona ni jambo zuri. Mimi niliona ni ukatili uliovalishwa nguo za sherehe, na sijabadili mawazo.

Kisha Dympna akaugua mapafu. Malachy alikwishakufa, watoto hawakujaaliwa, hivyo mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea supu. Siku moja mwisho wa kiangazi akanishika mkono.

"Mwambie dada yangu mwaka huu nataka kuja na uso wangu," akasema. "Mara moja tu. Sina tena pumzi za kuvutia nyuma ya pazia. Nataka nikae pale pa mama kama mtu wa nyumbani."

Nilikwenda moja kwa moja. Attracta alikuwa akimenya viazi na hakuinua kichwa.

"Amekutuma," akasema.

"Anaumwa, Attracta. Daktari anasema baridi hii hataimaliza."

"Kila mtu anaumwa. Magoti yangu yameuliza nani?"

"Anataka kuja bila kitambaa."

Kisu kikasimama kidogo, kikaendelea. "Mlango anaujua. Na kanuni anazijua."

"Kanuni zipi? Si umtaje tu! Neno moja! Ukimtaja atafunua, na atakuwa amefunua kwa mila, si kwa kuvunja kiapo chako cha kipumbavu. Mbona rahisi?"

"Kama ni rahisi, angekuja kusema mwenyewe kwamba aliniibia."

"Aliuma mkate, mama! Mkate!"

"Wewe ni wa Cavan," akasema, "hujui kitu kuhusu chakula cha kugawana. Ukitoka urudishie mlango, joto linatoka."

Nilimwita shetani. Mlango niliuacha wazi kabisa.

Halowini ikafika na mvua nyembamba. Fintan alimleta Dympna kwa gari mpaka langoni, na kuanzia hapo akakataa mkono wake, akatembea mwenyewe. Alipoingia, koti la kijivu lilikuwa limemzidi mara mbili. Kitambaa cha pazia kilikuwa kinaingia mdomoni na kutoka, kinaingia na kutoka, na jiko zima lilisikia kila pumzi. Tufaha lilikuwa linazunguka kwenye uzi wake na hakuna aliyelitazama.

"Ni askofu," akasema Attracta.

Hakuna aliyecheka. Kitambaa kikatikisika polepole.

"Ni askari wa Carrick."

Siyo.

Ikabaki moja. Attracta alifumbua mdomo, akaufumba. Moto wa mboji ulikuwa umetulia, na sote tulikuwa tunamsukuma kwa macho: sema, mwanamke, sema. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama.

"Attracta, kwa jina la Mungu, huyu ni..."

Dympna akainua mkono kunizuia. Alitaka jina lake kutoka mdomo mmoja tu, na haukuwa wangu. Nikakaa.

"Ni farasi wa Tommy," akasema Attracta.

Dympna alisimama pale muda, kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akatikisa kichwa, siyo, akaenda kwenye benchi lake. Mkate ulimshinda. Kipande kilimponyoka, kikaanguka mapajani. Ndipo Attracta alipoinuka, akakata kipande kidogo, akakilowesha kwenye chai kama cha mtoto, akaupitisha mkono chini ya kitambaa bila kukiinua, akamlisha. Akalowesha kingine. Wakati wote huo uso wake alikuwa ameugeuzia ukutani.

Watu walitoka mle wakifuta machozi, wakisema wameona upendo. Mimi nilitoka nikimchukia maradufu. Mkono unaoweza kufanya vile, na ulimi ukashindwa neno moja?

Dympna alifariki kabla ya Krismasi. Kwetu maiti hulala nyumbani, na watu wote huja kumtazama na kumuaga, hata adui, hasa adui. Attracta hakuja. Nilimfuata kwake.

"Niliapa nisiuone uso wake mpaka nife," akasema. "Sijafa bado."

"Uso wake haumo ndani ya nyumba yako. Umo ndani ya jeneza!"

"Toka, wewe wa Cavan."

Alikuja kanisani jeneza lilipokwisha kufungwa. Alisimama nyuma kabisa na hakuimba.

Mwaka mzima sikumsalimia. Mimi ndiye niliyesafisha nyumba ya Dympna, na kile kitambaa cha pazia nilikikuta kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa juu ya kofia, tayari kwa mwaka mwingine. Nilikiweka. Halowini iliyofuata Fintan aliniambia, "Usiende, mke wangu, utaharibu jioni ya watu." Nikamwambia jioni ile ilikwishaharibika zamani. Nikatia kitambaa mfukoni nikavuka barabara, nimekusudia kumtupia usoni mbele ya watu wote.

Na nilimtupia. Jiko lilikuwa limejaa, sahani zimepangwa, tanipu inanuka dirishani. Kitambaa kilimpiga kifuani kikaangukia mikononi mwake.

"Chukua," nikasema. "Hawezi kuja mwaka huu. Mtaje farasi."

Nilingoja matusi. Sikuyapata. Alikigeuza kitambaa kile, akaenda kwenye kiti cha wafu, akakitandika juu ya mgongo wa kiti, akakinyoosha mpaka kikaning'inia sawasawa. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akasimama pale anaposimama siku zote kuwataja wageni.

"Ni askofu," akasema.

Kitambaa hakikutikisika.

"Ni askari wa Carrick."

Mikono aliifunga kwenye aproni.

"Dympna," akasema. "Ni Dympna. Funua."

Akangoja. Nasema kweli, alingoja, kichwa ameinamisha, anakitazama kitambaa kama mtu anayedai haki yake, maana aliyetajwa lazima afunue. Mwisho akaenda mwenyewe, akakiinua kwa vidole viwili. Nyuma yake kulikuwa na mbao za kiti.

Akarudi mezani, akachukua mkate, akakata. Kipande alichokiweka kwenye sahani ya wafu kilinipita karibu kabisa na uso, nikaliona ganda lake. Lilikuwa na vitundu vidogo vinne, vya uma.

"Haya kula, mwizi wewe," akakiambia kiti. "Chai inapoa."