Bushi Niliyoing'arisha

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni tu, aibu yenyewe nilijitafutia mwenyewe kwa mikono yangu miwili, na mpaka leo nikifika Kilosa siwezi kupita mbele ya karakana ya akina Mzee Rajabu bila kuvuka upande wa pili wa barabara (hawajawahi kunifukuza, ni mimi tu na uso wangu).

Enzi hizo nilikuwa mwendesha mashine ya kusaga ya kijiji chetu cha ujamaa, huko upande wa Chanzuru. Basi bushi ikapasuka, ile pete nene ya chuma inayoshikilia mhimili usicheze, na bila bushi mashine ni pambo tu, kina mama wakarudi kwenye kinu na mchi huku wakinitazama utadhani niliipasua kwa meno. Mwenyekiti akaniambia, "Ndugu Athumani, ipeleke kwa Mzee Rajabu watuchongee mpya kwa vipimo vilevile. Jumamosi tuna mgeni kutoka wilayani."

Hao watu acheni niwasifu, wanastahili. Babu yao alikuja na reli, akamfundisha Mzee Rajabu, naye Mzee akamfundisha binti yake Mwanaidi, na ukimwona yule dada kainama kwenye mashine ya kukereza, chuma kinamenyeka nyuzi nyuzi, utasahau kilichokupeleka. Sakafu imefagiwa, vipimo vimeviringishwa kwenye flana kama vichanga, na wanapima mpaka unywele mmoja, wallahi! Sasa mimi Athumani, ninayepiga pasi hata ovaroli, niingie pale na bushi yenye kutu na masizi? Nikachukua tupa nikaikwangua nje yote, nikamalizia na msasa, ikang'aa mpaka nikajiona meno.

Mwanaidi akaipima, akaandika, akasema, "Safi sana, kaka." Nikavimba kichwa.

Jumamosi mgeni kafika, kina mama wamepanga ndoo zao za mahindi, na Mzee Rajabu na binti yake wamealikwa, wamekaa mbele. Bushi mpya kwa kawaida huingia kwa nyundo, ile ikaingia kwa kidole. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nikatangaza, "Oneni kazi ya mafundi, inateleza yenyewe!" nikawasha injini. Dakika haikuisha, bushi ikaanza kuzunguka pamoja na mhimili, mashine ikatetemeka, mkanda ukachomoka ukapiga debe la unga, na mgeni wetu akawa mweupe mpaka kwenye kope.

Watu walicheka, we! Nami kwa kujiokoa nikapayuka, "Ni hawa mafundi wa Kilosa, wametuharibia!"

"Basi," mwenyekiti akasema huku akimpangusa mgeni, "kuanzia leo kazi zote za kijiji tutazipeleka Morogoro."

Mwanaidi akainamisha kichwa. Vizazi vitatu vya jina zuri vilikuwa vinaondoka kwa mdomo wangu, na nilijua.

Mzee Rajabu akainuka, wala hakupaza sauti. Akaomba bushi ya zamani (nilikuwa nimeiweka dirishani, ilivyopendeza), akapima zote mbili mbele ya mgeni. "Zinalingana kabisa," akasema, akanigeukia. "Mwanangu, hii ya zamani ilipotoka kwenye mashine ilikuwa inang'aa hivi?"

Ningesema ndiyo, nani angejua? Lakini Mwanaidi alikuwa ananitazama.

"Shikamoo, Mzee," nikasema (nilishamwamkia asubuhi, ila ndicho kilichotoka).

"Marahaba. Sasa nijibu."

"Niliipiga tupa, Mzee, ikapungua unene. Niliona haya kuwaletea uchafu."

Mwenyekiti akashika kichwa. Mzee akamgeukia binti yake, akamwambia, "Na sisi tulipaswa kuuliza." Hakunitukana hata neno moja, na hapo ndipo iliponiuma. Jumatatu walikuja wenyewe wakapima tundu linamokaa bushi, wakachonga nyingine, ikagongwa kwa nyundo ikakaa, na kazi za kijiji hazikwenda Morogoro.

Nimekoma, jamani. Siku hizi nikienda kwa fundi, kitu nakibeba na grisi zake zote, shati lichafuke lisichafuke, na kabla hajaniuliza namweleza nilichokigusa mimi.