Makofi ya Ganze

"Ondoa sura ya nne," Daktari Mutuku alimwambia, na hata kichwa hakuinua. Ruqaiya alibaki amesimama mbele ya meza ya msimamizi wake, tasnifu mkononi, damu ikimchemka mpaka masikioni. Amelelewa Malindi huyu, na mama aliyetoka Faza, mama asiyemruhusu mwanawe kumjibu mkubwa hata akikanyagwa kidole. Kwa hiyo alisema tu, "Nitaiangalia, Daktari," akatoka na kuufunga mlango taratibu. Ule utaratibu ndio uliomuuma zaidi.

Sasa nikueleze hiyo sura ya nne, maana kisa chote kimo humo.

Ruqaiya ni karani katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja; wenyewe wanajijua. Kila Jumamosi alikuwa akidamka kwenda Kilifi kusomea shahada ya uzamili ya utawala wa umma na sera. Darasani alikaa nyuma ya Bwana Gona, mkubwa wake wa kazi, ambaye naye alikuwa akiisomea shahada hiyo hiyo. Walifundishwa kwamba serikali haiwezi kumchimbia mtu hata shimo bila kumuuliza kwanza. Sharti aitwe mkutanoni, asikilizwe, akubali. Maneno matamu kweli. Gona aliyanakili kwa wino wa rangi mbili.

Na Gona huyo huyo ndiye aliyeongoza mkutano kule Ganze, katika kijiji kimoja. Bwawa la maji lililopangwa kuchimbwa karibu na kijiji lilikuwa limehamishiwa mbali, jirani na shamba la shemeji yake. Alifika na gari, akahutubia weee, kisha akauliza, "Tumeelewana?" Watu wakapiga makofi. Ripoti ya ofisi ikasema wananchi wameridhia kwa kauli moja.

Ruqaiya alipokwenda huko kwa utafiti wake, alimuuliza Kadzo, mama wa makamo anayefuata maji kwa miguu asubuhi nzima, kwa nini walipiga makofi. Kadzo alimkodolea macho kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu husalimiana.

"Mgeni katoka mbali, kasimama juani, kasema maneno yake yote. Tungemwacha aondoke hivi hivi, kimya? Hiyo si adabu, mwanangu. Kukataa ni baadaye, mtu anakwenda kwa mzee wa kijiji anasema la moyoni. Tukaenda. Tukaambiwa, nyinyi mlishakubali."

Hayo ndiyo aliyoyaandika Ruqaiya: kwamba pale makofi ni heshima ya mgeni, na ofisi inalijua hilo fika, na bado inayahesabu kuwa kibali. Gona mwenyewe kazaliwa Ganze! Atamwambia nani kwamba hakujua?

Daktari Mutuku alidai sura hiyo "inachafua majina ya watu". Ikitoka, Ruqaiya angevaa joho Desemba. Ikibaki, Daktari hatii sahihi. Na mama yake, Bi Kuluthumu, alikwishawaalika jamaa wa Faza kuja mahafali, wengine hata kitambaa wameshashonesha. Wiki nzima Ruqaiya alikaa mbele ya kompyuta akiiondoa sura na kuirudisha, akimlaani Daktari, akimlaani Gona, mwisho akijilaani mwenyewe kwa kusitasita.

Jumamosi ikafika zamu ya Gona kutetea tasnifu yake mbele ya Daktari Mutuku na darasa zima. Ukutani ikamulikwa picha ya ule mkutano, watu wamenyanyua mikono wanapiga makofi, Kadzo yuko safu ya mbele. "Huu," Gona alisema, akiinyooshea kalamu, "ni mfano bora wa wananchi kushirikishwa kikamilifu."

Ruqaiya akasimama. "Bwana Gona, hao watu kwenye picha leo wanachota maji wapi?"

Gona alitabasamu. "Swali hilo liko nje ya mada yangu."

"Ni kweli, liko nje," alidakia Daktari Mutuku. "Na muda wetu umekwisha. Bwana Gona amefaulu, masahihisho ni madogo tu."

Nje ya mada! Kiu ya watu iko nje ya mada! Ruqaiya alipita katikati ya viti mpaka meza ya mbele, na kila mtu alimsikia.

"Daktari, sura ya nne haitoki."

"Basi hufuzu mwaka huu."

"Nisifuzu."

Alijua nyumbani kuna mama wa kuambiwa na wageni wa kurudishwa. Hakulirudisha neno lake. Alikusanya vitu vyake, akaelekea mlangoni.

Hapo mlangoni Gona alikuwa amezungukwa na wanafunzi wenzake, kila mmoja anamwaga pongezi. Alipomwona karani wake anapita, alimwita kwa sauti ya kusikika na wote, akicheka.

"Bi Ruqaiya! Darasa zima limenipongeza, wewe peke yako bado. Ndiyo adabu ya Malindi hiyo? Hata neno la hongera?"

Ruqaiya aligeuka, akamtazama usoni.

"Nikikupa hongera, Bwana Gona, kesho utaandika kwamba nimekubali."