Maji Baridi ya Kisaju

Munguti alifika Kisaju mwaka wa tisini na tatu kuendesha pampu ya kisima, na kazi ikamganda. Mke akaletwa kutoka Machakos, Mwongeli akazaliwa, na Kimaasai baba mtu akakiokota hapo hapo kwenye birika la mifugo. Kilikuwa Kimaasai cha kununulia maziwa tu, lakini asiyekisifu alinuniwa wiki nzima.

Maji yenyewe yalitoka ardhini yakiwa vuguvugu na yenye chumvi. Kina mama walilalamika kila siku, ila hapakuwa na mengine. Kwa hiyo kiangazi cha mwaka 2000 kilipokaza, na habari zikaja kwamba hayo hayo yatavutwa kwa mabomba hadi Nairobi, Munguti aliapa kulala ndani ya mtaro wasichimbe. Nashipae, ajuza aliyebakiwa na ng'ombe wanne, akaapa kulala kando yake.

Siku ya mkutano wanaume walikuwa mbali, wamehamisha mifugo. Walibaki wazee na kina mama ambao Kiswahili kiliwapiga chenga. Ofisa wa mradi wa mabomba alipouliza nani atatafsiri, Munguti alikuwa keshasimama mbele. Alikuwa na hakika kwamba watu wakielewa tu, huyu bwana ataondoka mbio.

"Waambie tunaomba ruhusa, ni mradi wa maji ya Nairobi."

Munguti akakohoa, akatangaza kwa Kimaasai kwamba wageni wanaomba ruhusa ya mradi wa *enkare nairobi*.

Wakapiga makofi.

Alidhani hawakusikia. Akarudia kwa sauti ya juu, *enkare nairobi!* Makofi yakazidi, na Nashipae akawa wa kwanza kuweka kidole gumba kwenye karatasi ya ruhusa. Munguti alibaki ameduwaa. Wamehongwa? Wamechoka? Jana tu bibi huyu alikuwa akiwalaani watu wa mabomba mpaka kizazi cha saba. Alimkasirikia kweli kweli.

Gari la ofisa lilipoondoka, Nashipae akaja na kikombe chake, uso umechangamka.

"Baba Mwongeli, hiyo maji baridi itaanza kutoka lini?"

"Maji baridi gani, yeyo?" Munguti akamuuliza mama huyo.

"Si umesema mwenyewe? *Enkare nairobi*."

Kwa Kimaasai *enkare* ni maji, na neno *nairobi* ni baridi, basi. Mji ulilichukua baadaye. Munguti alilijua vizuri. Alilitumia kila asubuhi kuulizia maziwa. Leo kichwa chake kilijaa mji tu, neno likampita.

"Ni Nairobi ule mji, yeyo. Maji inaenda huko. Mmekubali iende."

Nashipae alimkazia macho, hajui acheke au alie. Akajaribu kufuta wino kidoleni kwa shuka, haukutoka.

"Lakini mimi nilikuwa nimekataa," akasema. "Nimekubali kwa sababu ni wewe ulikuwa unaongea."