Jiko Chini ya Kitanda cha Mzazi

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kukosolewa, nami nilikuwa mzazi wa siku tisa, kwa hiyo hapakuwa na mjadala: mzazi lazima aote moto. Kila alasiri alisukuma jiko la mkaa chini ya kitanda changu cha kamba, mimi na mwanangu juu yake kama mihogo ya kuchoma.

Wanawe wote aliwazaa hivyo, lakini katika nyumba za makuti, ambamo hewa hupita itakavyo. Sisi tulikuwa tumehamia Temeke, nyumba ya matofali ya saruji, bati juu na dari chini yake. Miaka ile ya Ujamaa hiyo ilikuwa fahari. Mume wangu aliwaambia wageni kwamba haipitishi hata mbu, nami niliringa.

Siku hiyo mvua ya masika ilipiga kwa upepo. Mama mkwe akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu, akaketi mkekani.

"Mama, kichwa kinanigonga."

"Uzazi huo, mwanangu. Lala."

Nikalala. Usingizi ulikuwa mtamu, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Jirani yetu, mke wa mchonga vinyago kutoka kusini, alikuja kuniletea uji. Alibisha hodi mara tatu, kimya. Mwenye adabu zaidi angerudi kwake; namshukuru Mungu kwamba yeye hakurudi. Alisukuma mlango kwa bega, akamnyakua mtoto, akatoka naye barazani.

Mama mkwe akazinduka, akafoka: "We mwanamke, unamtoa mtoto kwenye baridi!" Alipoinuka amfuate, miguu ilikataa, akaanguka.

"Mkaa huo, mama! Binamu yangu alilala na jiko ndani, hakuamka!"

Kelele zao ziliniamsha, nikatambaa hadi mlangoni. Mwanangu alikuwa amelegea mikononi mwa jirani, naye akimsugua mgongo na kumwita. Sijui ulipita muda gani. Kisha mtoto akakohoa, akalia, nami nikalia kumshinda.

Kesho yake mume wangu aliazima tindo kwa mchonga vinyago, akautoboa ukuta wake wa fahari karibu na dari, akapachika matofali ya matundu. Aliyebuni tofali lile simjui, lakini namwombea dua.

Mama mkwe alikaa siku tatu bila kusema neno juu ya jambo lile. Nilidhani ni kiburi, nikamkasirikia. Siku ya nne kulikuwa na mkutano wa majirani wa nyumba kumi. Mjumbe alipouliza nani ana la kusema, yeye akasimama.

"Nusura nimuue mjukuu wangu kwa kumpenda," alisema. "Jiko niliweka mimi, dirisha nilifunga mimi. Mwenye mzazi nyumbani aende sasa hivi akafungue dirisha. Tutamsubiri."

Wanawake wawili wakainuka, wakatoka mbio.