Mgongo Niliouita Baba

Aibu hii nimejitafutia mwenyewe, kwa hiyo anayetaka kunicheka anicheke, mie nshajicheka vya kutosha. Baba alipofariki nikajitia mtengenezaji filamu (cheti cha wiki sita, na skafu shingoni Unguja hii yenye joto), nikachukua kanda ya zamani ya harusi ya Chwaka, nikamwona mwanamme kaipa kamera mgongo, kanzu nyeupe, anacheka mabega yanatikisika, nikasema huyu ndiye baba. Shangazi yangu Bi Zuhura alikuwepo harusini, ningemuuliza tu, lakini msanii mzima nikamuulize mama wa jikoni? Nikaukuza ule mgongo, nikaupa dakika kumi, na sauti yangu nzito juu yake: "Mabega haya ndiyo yaliyonibeba."

Nikaalika ukoo mzima nyumbani Mlandege, nikatundika shuka ukutani. Mgongo ulipotokea nikalia, watu wakanifuata, mmoja akasema tumsomee marehemu Fatiha, tukasoma. Tulipomaliza, Mzee Sleyum, jirani yetu wa zamani aliyekuja kutupa pole, akakohoa.

"Samahani, mwanangu. Huyo ni mimi."

Nikamjibu, kiburi hakijanitoka, "Mzee, mie mgongo wa baba yangu naujua."

"Basi tazama sikio," akasema Shangazi, taratibu. "Sikio la Sleyum lina pengo tangu utotoni. Umemfisha mtu yuhai, kaa chini."

Watu wakatazama sikio la ukutani, wakatazama sikio la kitini. (Dakika kumi naukuza mgongo, sikio sikuliona.)

"Baba yuko wapi, basi?"

"Baba'ko hakukaa siku ile," akasema Shangazi. " Alikuwa anabeba masinia ya pilau, kutwa."

Na mtu wa sinia nilimwona kwenye kanda. Alipita mbele ya kamera, sinia begani limemfunika uso, nami nikamkata kwa kuwa ananiharibia picha.

Mzee Sleyum nilimwomba radhi, akanisamehe. Asubuhi nikamkalisha Shangazi mbele ya kompyuta, nikakirudisha kile kipande. Ni sekunde nne.

"Ndiye," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Tazama anavyokwenda, kama kachelewa."

Na kweli baba alikuwa akienda hivyo, mwaka hadi mwaka mbele ya macho yangu, nikawa nshasahau. Sasa sikati kitu mpaka waliomjua wamekaa karibu yangu wakatazama.